Choki ya Umeme ya Pikapu ya Baba

Jumapili, katikati ya Julai. Saa tisa alasiri.

Asubuhi ya leo ilikuwa na baridi ile ya kutoa moshi mdomoni. Mlima Meru umejifunika tangu Alhamisi, na hapa kwetu Olasiti mabati yalikuwa yanadondosha maji utadhani mvua imenyesha usiku kucha. Nina furaha kiasi kwamba nimeosha vyombo vyote vya tangu jana bila kuambiwa na mtu. Vidole vyangu bado vinanuka petroli. Nimevisugua kwa sabuni ya unga, nikavisugua kwa limao, vimegoma, nami nimeviacha.

Niandike kuanzia mwanzo. Nikianzia mwisho nitaonekana najisifu, na ukweli ni kwamba wiki hii nilifanya ujinga mmoja mkubwa kabla sijafanya jambo la maana.

Habari yenyewe ni pikapu ya Baba. Ni gari la zamani, la kabureta, ambalo kwenye kadi limeandikwa jeupe lakini kwa macho lina rangi ya chai ya maziwa. Limenizidi umri. Baba alilinunua akiwa mwalimu wa hesabu, akaendelea nalo hadi akastaafu, na sasa ni mzee wa kanisa na bado analo. Katika picha zetu za familia pikapu imechukua nafasi kubwa kuliko mimi. Kuna picha ya ubatizo wangu ambayo ukiitazama huwezi kujua nani anabatizwa.

Injini za namna ile zikiwa baridi haziwaki hivihivi. Juu ya kabureta, chombo kinachochanganya petroli na hewa, pale hewa inapoingilia, kuna kibati kidogo ambacho lazima kifungwe kwanza ili injini ivute petroli nyingi na hewa kidogo. Ikishapata joto, kibati kinafunguliwa. Hiyo ndiyo choki. Kwenye pikapu ya Baba unaivuta kwa kitufe kilichoko kwenye dashibodi, kushoto kwa usukani, na kwa kuwa kebo yake imechoka, lazima ukishikilie kisirudi huku mkono wa kulia unapiga stata.

Mwezi wa pili Baba alianguka kwenye ngazi akipunguza matawi ya mparachichi, akavunjika mkono wa kushoto. Mfupa umeunga. Daktari amemruhusu kuendesha, usukani anaushika, gia anaisukuma kwa kiganja vizuri tu. Ila gumba na kidole cha shahada havikutani tena. Kufunga kifungo cha shati hawezi. Kubana kitufe cha choki na kukivuta hawezi.

Tulijaribu kumpa Mama kazi hiyo. Asubuhi ya kwanza alivuta Baba akisema achia, akaachia Baba akisema vuta, petroli ikajaa kwenye injini, wakanuniana hadi saa sita mchana. Asubuhi ya pili Mama alishuka, akafunga mlango wa gari taratibu, akasema, "Mimi niliolewa, sikuajiriwa utingo." Ikaishia hapo.

Basi Baba akaacha kuendesha.

Mtu aliyebeba harusi, misiba, magunia ya mahindi na kwaya nzima ya kanisa akawa anakaa kwenye kochi amevaa koti lake, anasubiri mtu apige honi nje. Akipanda gari la watu hasemi neno. Akishuka anashukuru mara mbilimbili. Mimi ndiye mtoto pekee niliyebaki nyumbani, kwa hiyo niliyaona yote hayo kwa karibu, na ninakiri kwamba kuna siku nilijifanya nina kazi ya asubuhi sana ili nisimwone amekaa pale.

Kisha kaka yangu Eliamini, ambaye ana moyo mzuri na gari la kisasa linalojiwasha kwa kubonyeza, akaja na habari kwamba amempata mnunuzi. Alisema ni kwa faida ya Baba mwenyewe, apumzike. Nilimtazama Baba, nikisubiri aanze kubishana. Baba yangu ni mtu wa kukuuliza "umeonyesha njia?" hata ukimwambia chai imepoa.

Akasema tu, "Kama ni hivyo, basi."

Neno hilo liliniuma. Ndipo nikafungua mdomo wangu mbele ya wote na kusema nipewe hadi Jumapili. Gari likiwaka Jumapili asubuhi kwa mkono wa Baba mwenyewe, bila kushikiwa kitu, haliuzwi. Lisipowaka, mnunuzi aje alichukue baada ya ibada. Eliamini alicheka, lakini alikubali, maana ananijua tangu utotoni: nikishapandisha mabega sirudi nyuma.

Sasa, kwa wasionijua: mimi ni fundi umeme wa majumba. Nimefunga nyaya kwenye nyumba nyingi za mji huu, za chini na za ghorofa, na nimezoea kuulizwa "fundi mwenyewe yuko wapi?" huku nimesimama na plaizi mkononi. Kwa hiyo umeme wa gari niliuona ni mchezo. Volti kumi na mbili! Nyumbani kengele ya getini inakula zaidi ya hapo.

Nilikuwa nimesikia kuna choki ya umeme. Inakaa ubavuni mwa kabureta, kikopo cheusi cha mviringo, na ndani yake kuna springi iliyojikunja. Springi ikiwa baridi inafunga kile kibati. Ukiipelekea umeme inapata joto polepole, inalegea, na baada ya dakika chache kibati kimefunguka chenyewe. Hakuna kitufe wala kebo. Waya mmoja tu. Nilipoelewa hivyo nilikaa nikacheka peke yangu, kwa sababu waya mmoja kwangu mimi ni kama kumpa mshonaji kifungo kimoja.

Kaloleni kuna fundi wa magari anaitwa Lomayani, Mwarusha mrefu asiyevua kofia, ambaye anazijua injini za kabureta kama wengine wanavyojua ukoo wao. Alinitafutia kabureta iliyotumika, yenye choki ya umeme, inayokaa sawasawa kwenye injini ya Baba. Alhamisi alikuja nyumbani akaifunga. Waya nikamwambia aniachie mimi.

"Dada, moto wa choki utautoa wapi?" aliniuliza akifuta mikono. Mafundi wa magari umeme wanauita moto.

Nikamjibu kwamba nitautoa kwenye swichi ya funguo. Ukifungua, choki inapata umeme, ukizima, inakosa. Nilijibu kwa sauti ya mtu anayemfundisha mwingine.

Lomayani akakuna shingo. "Sawa fundi. Ila uzuri ni usubiri injini izunguke kwanza."

Niliona ananidharau. Nilimshukuru nikamfungulia geti.

Huo ndio ujinga wenyewe. Naomba ukae hapa kwenye maandishi ili nisiusahau.

Nilifunga waya wangu vizuri mno. Nikaweka fyuzi yake, nikaupitisha pembeni mbali na joto la sailensa, nikauviringishia tepu, nikaubana kwa vibanio kila baada ya shubiri. Ijumaa asubuhi, kwenye baridi ileile, niliingia peke yangu, nikafungua funguo, nikapiga stata. Gari likawaka papo hapo! Nilipiga kelele hadi mbwa wa jirani akaitikia. Niliishika siri hiyo siku nzima kazini, natabasamu ndani ya dari za watu.

Jumamosi nikamwita Baba kwa mazoezi.

Hapa lazima nieleze desturi ya Baba. Hakuna gari linaloondoka kwetu bila sala. Baba anaingia, anafunga mkanda, anafungua funguo hadi taa nyekundu za dashibodi ziwake, anazikagua moja moja, halafu anaondoa mkono kwenye funguo, anavua kofia na kusali. Taa zikiwa zinawaka. Alifundishwa zamani kwamba dereva mzuri akifungua funguo hapigi stata hapohapo, anangoja gari liamke, na kwa vile hapendi muda upotee bure, kungoja huko akakujaza sala. Na sala ya Baba si fupi. Anaanza na kushukuru kwa usiku, anataja watoto kwa kufuatana kuzaliwa, wajukuu, majirani wa pande zote nne, wagonjwa, wenye mitihani, waendao kwa miguu, waendesha bodaboda kwa mkazo maalumu, kisha matairi.

Jumamosi alisali hivyo. Tukasema amina. Akapiga stata.

Injini ikakohoa na kunyamaza. Akapiga tena, ikazunguka tu bila kushika. Mara ya tano betri ilianza kuchoka, na mimi nilikuwa nimesimama pembeni nikiwa na mikono kiunoni. Mama alikuwa dirishani. Alipoona namwangalia akajifanya anafuta kioo.

Baba alizima, akakaa kidogo, akashuka. "Si neno, mama," akaniambia, "umejitahidi." Huniita mama akiwa na upendo, na jana sikuutaka upendo huo hata kidogo. Akaingia ndani. Nilisikia kochi likilia.

Nililia kidogo nyuma ya boneti. Si sana. Kisha nikaleta mita yangu.

Nilipima kila kitu. Fyuzi nzima, waya mzima, betri imechoka lakini ipo. Nikafungua kifuniko cha chujio la hewa nikitazame kile kibati kwa macho yangu. Kilikuwa kimefungwa vizuri kabisa, jinsi inavyotakiwa injini ikiwa baridi. Nikafungua funguo nipime umeme unaofika kwenye choki. Umeme upo. Wakati huohuo Mama akaniita nikanywe uji kabla haujapoa, nikaenda kama nilivyo, nikanywa nimesimama, nikarudi.

Kibati kilikuwa wazi.

Nikagusa kile kikopo cheusi. Kina joto. Injini haijawaka hata mara moja, ni baridi kama jiwe la mtoni, lakini choki inaamini tumeshafika mjini. Funguo niliiacha wazi muda wa kunywa kikombe kimoja cha uji.

Nilisimama pale nikaanza kuhesabu kichwani. Usiku, watoto, wajukuu, majirani, wagonjwa, mitihani, waendao kwa miguu, bodaboda, matairi.

Sala ya Baba ilikuwa inaifungua choki!

Yaani mimi niliyeketi kwenye gari hilo tangu niko mchanga, niliyesikia sala hiyo mara nyingi kuliko wimbo wa taifa, nilifunga waya kana kwamba Baba ni mtu wa kuingia na kuondoka. Ijumaa liliwaka kwa sababu mimi sikusali. Nilicheka hadi nikakaa chini kwenye majani yenye umande.

Njia rahisi ilikuwepo, na nakiri niliifikiria. Ningeweza kumwambia Baba asali kwanza, funguo afungue baada ya amina. Nilifika hadi mlangoni kwa nia hiyo. Nikamwona kwenye kochi, kofia magotini. Tangu aanguke tumemwambia mambo mangapi? Usipande, usibebe, usivute, subiri upelekwe. Nami nije nimwambie kwamba hata kusali kwake kunaharibu gari? Niligeuka nikaenda Kaloleni.

Lomayani alikuwa chini ya gari, miguu tu nje. Nilimwambia yaliyotokea kwa kuongea na viatu vyake, na nadhani ndiyo sababu niliweza kumaliza.

Akatoka. "Sasa dada, nani anaacha funguo wazi dakika zote hizo bila kupiga stata?"

"Baba. Anasali."

Akavua kofia. Sikuwa nimewahi kukiona kichwa chake. Alicheka mpaka akashika bampa, halafu akasema, "Basi mzee hana kosa. Waya ndio wenye kosa."

Nilimwomba radhi kwa ile Alhamisi. Akaipokea kwa kunisukumia stuli. Akanieleza vizuri, na safari hii nilisikiliza: unaweka rilei, yaani swichi ndogo inayowashwa na umeme badala ya kidole, na unaiunganisha na alternata, ile mashine ya kuchaji betri. Funguo ikiwa wazi tu, alternata imelala, rilei imelala, choki haipati kitu hata ukisali hadi jioni. Injini ikizunguka alternata inaanza kuchaji, rilei inashika, choki ndipo inapelekewa umeme wake. Ni jambo dogo. Ningelijua Alhamisi kama ningeuliza swali moja.

Nilirudi na rilei mfukoni, nikafumua kazi yangu nzuri ya vibanio, nikaanza upya. Baba alitoka mara moja akasimama mbali kidogo. Nilipomaliza niliweka betri kwenye chaja, na baada ya chakula cha mchana nikafanya jaribio langu: nikafungua funguo, nikaisali ile sala ya Baba yote, kwa sauti ya chini, bila kuruka mtu hata wa bodaboda. Nikashuka kutazama. Kibati kimefungwa. Kikopo ni cha baridi.

Sikupiga stata. Nilitaka injini ilale baridi hadi leo, na pia, nisijidanganye, niliogopa.

Leo asubuhi Eliamini alifika mapema kwa gari lake, tayari kuwabeba wazee. "Shikamoo Baba." "Marahaba." Baba alikuwa amevaa koti. Nilimwambia aje ajaribu mara ya mwisho. Akaenda kwenye pikapu, na Mama akapanda upande wake, mkoba wa vitabu vya tenzi mapajani, mikono ikiwa mbali kabisa na dashibodi ili lolote likitokea asisingiziwe.

Mkanda. Funguo. Taa nyekundu. Kofia.

Mimi na Eliamini tulisimama nje, dirisha likiwa wazi. Baba akaanza, na nikatambua mara moja kwamba leo sala itakuwa ndefu kuliko zote. Alishukuru kwa usiku. Alitutaja sote. Alimtaja Lomayani, ambaye sikujua kama anamjua jina. Alitaja mkono wake, kwa mara ya kwanza tangu aanguke, akasema anaushukuru kwa kazi uliyofanya na kwa ile uliyobakiza. Eliamini aliinamisha kichwa zaidi. Mimi nilikuwa nakitazama kile kioo cha mbele kilichojaa ukungu na kuhesabu dakika, na zikapita zile za jana, na zikazidi.

"Na huyu mnunuzi, Bwana," Baba akamalizia kwa sauti ileile ya upole, "mpe gari lingine. Amina."

Akapiga stata.

Injini ilizunguka mara moja, mara mbili, ikakohoa. Halafu ikashika. Ikapiga kelele ile nene ya asubuhi, moshi mweupe ukajaa hadi kwenye mparachichi, gari zima likitikisika na Mama akitikisika nalo. Baba hakugusa kitu. Mkono wa kulia kwenye usukani, wa kushoto umelala juu ya gia. Tukasikiliza sote wanne. Taratibu, bila kuvutwa wala kurudishwa na mtu, mngurumo ukaanza kushuka wenyewe, ukashuka tena, ukatulia.

Baba alinigeukia. Uso wake ulikuwa na machozi, na alikuwa anacheka. "Umeonyesha njia," akasema.

Mwalimu huyu hajawahi kunipa alama kubwa kuliko hiyo.

Kisha akaingiza gia kwa kiganja, akarudi nyuma vizuri, akageuza, akatoka getini. Ametuacha! Mimi nimevaa gauni la kanisani na kandambili, Eliamini ana funguo za gari lake mkononi, sote tunatazama moshi. Eliamini akauliza yule mnunuzi amwambie nini sasa. Nikamwambia amwambie ameshaombewa. Ndipo kaka yangu akacheka kile kicheko chake cha utotoni, akanibeba akaniwahisha ibadani, na njiani akaniuliza maswali ya kweli kuhusu rilei.

Ibada ya kwanza imekwisha zamani. Saa sita Mama alinitumia ujumbe kwamba wako Themi kwa shangazi. Saa saba akaandika kwamba Baba amesema wapite kumsalimia mgonjwa mmoja, halafu kuna mtu ana magunia mawili ya maharage hana usafiri. Saa nane akaandika neno moja tu: "Usitungoje."

Chakula chao nimekifunika mezani kimepoa. Sijawahi kufurahi hivi kwa sababu ya mtu kuchelewa.

Simu ninayo hapa pembeni, na mkono unaniwasha nimpigie nimuulize yuko wapi, amekula, mkono haumuumi, atarudi saa ngapi.

Nimeamua sipigi.